Usiiache kabla hujafika Thornfield

Dada, umesema uko sura ya 6 ya riwaya ya Jane Eyre na umechoka: mapenzi huyaoni, jumba la siri hulioni, ni shule ya mayatima na uji ulioungua tu. Vumilia mpaka sura ya 11. Hapo Jane anafika jumba la Thornfield, anatembezwa ghorofa ya juu kwenye ujia mwembamba, milango midogo myeusi imefungwa pande zote mbili, na mara anasikia kicheko. Anaambiwa ni mtumishi tu, mshonaji. Haya, amini ukitaka! Bwana Rochester, mwenye jumba, anaingia sura inayofuata, farasi wake akiteleza kwenye barafu.

Hiyo shule nayo usiiruke. Mwandishi, Charlotte Brontë, aliichora akiikumbuka shule aliyosoma, Cowan Bridge, ambako dada zake wawili waliugua, wakarudishwa nyumbani na kufariki mwaka 1825. Ndiyo maana hasira yake ni ya kweli.

Soma usiku, polepole, ukiangalia nani ana funguo na nani anakwepa maswali. Intaneti usiiguse, siri ya Thornfield imezagaa kila mahali. Utangulizi wa wahariri nao uache hadi umalize; hao humwaga mtama bila huruma.