Kigoma na watoto wadogo: anza na ziwa, Gombe itasubiri

Mama mwenzangu, umeuliza kama siku nne za likizo ya Juni zinatosha kuwatembeza watoto watatu (miaka 4, 7 na 10) Kigoma mjini, na kama kuna cha kuwaonyesha zaidi ya Gombe, ile hifadhi ya sokwe. Naona waliotangulia kukujibu wamekutajia Gombe tu. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, maisha yamenipeleka Dodoma, na kila mwaka nawarudisha wanangu watatu kwa bibi yao. Nakueleza ninavyofanya, na pale nilipokosea pia.

Gombe kwanza, ili tuiweke pembeni. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kuingia msituni kuwafuata sokwe. Askari wa hifadhi hawafanyi hivyo kwa roho mbaya. Sokwe ni jamaa wa karibu mno wa binadamu, mafua ya mwanao yanaweza kumuua mmoja wao, na mtoto akishtuka akaanza kukimbia hakuna ajuaye dume la sokwe litafanya nini. Mwaka wa kwanza sikuyajua haya. Mtu aliyetupangia safari alipokea malipo ya boti bila kuuliza umri wa mtoto hata mmoja, nasi tukaja kuambiwa usiku wa kuamkia safari, watoto wameshalala na viatu vyao wamevipanga mlangoni. Asubuhi ile ilikuwa kilio. Hela ya boti haikurudi, ila kilichoniuma zaidi ni vile viatu.

Habari ya Gombe, hata hivyo, unaweza kuwapa bila kuvuka maji. Mkiwa ufukweni waonyeshe upande wa kaskazini, kule milima inakoshukia ziwani, uwaambie kwamba Julai 1960 binti wa miaka 26, Jane Goodall, alishuka kule kwa boti kuwachunguza sokwe, akiwa na mama yake mzazi, kwa kuwa wakoloni hawakukubali binti akakae msituni peke yake. Binti yangu mkubwa alilishika hilo la mama kuliko yote. Akaniuliza, "Na wewe ungenisindikiza?" Nikamjibu ningemsindikiza. Kisha waambie alivyomwona sokwe akichomeka ujani kwenye kichuguu, akauchomoa umejaa mchwa, akala kama mtu anayekula nyama ya mshikaki. Kabla ya hapo wasomi waliamini ni binadamu peke yake anayetengeneza chombo cha kufanyia kazi. Wangu walishinda kutwa nzima wakichokonoa kila kichuguu cha nyuma ya nyumba ya bibi.

Sasa ziwa, Ziwa Tanganyika, ambalo ndilo lenyewe. Kwa watoto wa umri wa wanao, siku mbili kati ya nne zipe ziwa. Nenda ufukwe wa Jakobsen, ambao pia unaitwa Mwamahunga, kusini-magharibi mwa mji, njia ya Katonga. Bajaji inafika, kuna kiingilio, na mwishoni kuna mteremko wa kushuka kwa miguu, kwa hiyo huyo wa miaka 4 mtambeba wakati wa kurudi. Maji yake ni meupe hivi kwamba ukisimama yamekufika kifuani unahesabu vidole vya miguu. Nendeni asubuhi. Mwezi wa sita upepo wa kusi unapanda, na mchana mawimbi huwa makubwa kwa mtoto. Jambo la kutilia maanani kuliko yote: hili si ziwa la kina kifupi. Sehemu yake ya chini kabisa ni kama meta 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal kule Urusi. Mume wangu aliwapigia hesabu: michikichi sabini, kila mmoja wa meta ishirini, ikipandiana kuanzia chini, bado haichomozi. Na hata ufukweni, hatua chache tu maji yanakata ghafla. Mtu mzima mmoja awe majini, amesimama upande wa ziwani, uso kwa watoto. Asiwe na simu mkononi.

Waazimie miwani ya kuogelea hata kama ni ya bei ya chini, wachungulie kwenye mawe. Samaki wadogo wa rangi rangi watakaowaona, wengi wao hawapo ziwa lingine lolote duniani. Kuna akina mama humo wanaolea watoto wao mdomoni: hatari ikija, vifaranga wote wanaingia kinywani mwa mama na kutulia mpaka ipite. Wengine wanaishi ndani ya magamba matupu ya konokono yaliyolala mchangani. Mwanangu wa kati alikuwa amejaza magamba kwenye ndoo ayapeleke Dodoma. Nilipomwambia kwamba huenda anabeba nyumba za watu, aliyarudisha yote, moja moja, akiyaomba radhi.

Usiwaogeshe kwenye fukwe za vijijini penye majani na matete na watu wengi. Kichocho kinakaa hapo. Na chakula kifungeni vizuri, tumbili wa Jakobsen hawabishi hodi.

Siku ya Ujiji. Daladala za kwenda huko ni nyingi, hamhitaji gari la kukodi. Makumbusho ya Livingstone ni madogo, na nakuambia ukweli, mtoto wa miaka 4 dakika kumi zinamtosha. Ndani kuna sanamu kubwa za Livingstone na Stanley wameinua kofia wakisalimiana, nje kuna jiwe la kumbukumbu, na kuna miembe inayosemwa ni vipandikizi vya ule mwembe waliokutana chini yake mwaka 1871. Kwa hiyo kinachoibeba ziara ni hadithi, na hadithi uijue kabla hujafika. Wengi wanaishia kwenye wazungu wawili na kofia zao. Mimi wanangu nawaanzishia na Susi.

Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alikuwa amerudi Ujiji anaumwa, amekonda, na mizigo aliyotegemea kuikuta ilikuwa imeshauzwa. Siku moja bunduki zikalia kilimani, msafara wa Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, unaingia, bendera ya Marekani mbele. Katika umati uliotoka mbio kuwalaki alikuwamo kijana anayeitwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone. Ni Susi aliyemfikia Stanley na kumthibitishia kwamba bwana wake yupo, kisha akarudi mbio kupeleka habari. Na mwaka 1873 Livingstone alipofia nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na mwenzake Chuma, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Miezi kadhaa ya kutembea na maiti begani. Chini ya miembe ile wanangu huwa wanaigiza, na wanagombania kuwa Susi. Hakuna anayetaka kuwa mtu wa kofia.

Huyo wako wa miaka 10 atauliza watumwa. Mjibu. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na watu waliofungwa minyororo walivushwa kutoka ng'ambo, kwenye nchi ya Kongo ya leo, wakapitishwa papa hapa. Mimi mwaka mmoja nilizungukazunguka, nikasema "zamani kulikuwa na biashara mbaya". Mwanangu akaenda kumuuliza bibi yake, na bibi hakuzunguka. Akamwambia kwamba ndiyo maana Ujiji ina watu wa kila kabila, Wamanyema kwa Waha, wengine walikuja kwa hiari yao, wengine wakaletwa. Mtoto alisikiliza kimya, kisha akaomba maji. Sikuona amedhurika.

Mkitoka hapo teremkeni hadi ziwani mkawaone mafundi wa boti. Mtoto anayependa nyundo atasahau njaa. Wanazikunja mbao, wanagonga misumari, wanatia kalafati ya pamba kwenye mianya ili maji yasiingie. Toeni salamu kwanza, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na mkikubaliwa kaeni. Asubuhi sema "Mwakeye", salamu ya Waha wenyeji wa hapa, kabla ya Kiswahili, uone nyuso zinavyofunguka. Waha salamu hawaifupishi.

Stesheni ya Kigoma mimi naipenda kwa sababu zangu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa reli. Alikuwa akitupeleka mwisho kabisa wa njia na kutuambia, "Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, na chuma hakijakatika." Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na jengo la Wajerumani bado limesimama na matao yake. Ndiyo maana mji huu watu wanauita Mwisho wa Reli. Kama mnaweza kuja kwa treni walau kipande kimoja, toka Tabora, njooni kwa treni. Ni safari ya kuchosha, sikufichi, lakini watoto wangu basi hawalikumbuki hata kidogo, treni wanaikumbuka mpaka muuza karanga wa stesheni.

Na hapo karibu kuna bandari na meli ya Liemba. Tulipoenda ilikuwa imesimama kwa matengenezo makubwa, tuliitazama kwa mbali tu, kwa hiyo uliza mapema kama panaingilika. Ila hata kwa mbali ina hadithi ya kumnyamazisha mtoto. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vimeshawaka. Mwaka uliofuata Wajerumani walikuwa wanakimbia. Hawakutaka adui aichukue, wala hawakutaka ife. Mafundi wakapaka injini grisi nene, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa Liemba, ikabeba watu wa mwambao huu kwa miaka zaidi ya tisini. Mama yangu aliipanda akiwa na mimba yangu. Wa mwisho wangu alipoisikia habari ya grisi, jioni alipaka gari lake la kuchezea mafuta ya kujipaka akalizika nyuma ya choo, "tutalichukua mwakani." Mwakani tulilichimbua. Magurudumu yalizunguka.

Dagaa sasa, na hapa sikiliza vizuri kwa sababu ni Juni. Kwa kawaida kwenye mialo ya Katonga na Kibirizi ukifika asubuhi boti zinarudi na dagaa wa usiku, akina mama wanawaanika mchangani na kwenye chanja, na ukiomba kwa adabu mtoto anapewa kazi ya kugeuza. Usiku ukikaa mahali pa juu unaziona taa za wavuvi zimejaa ziwani kama mji mwingine umewashwa juu ya maji. Lakini mwaka 2024 upande wetu ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na likifungwa ufukwe unapoa. Ulizia kabla hujaja. Pia mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi hawatoki, maana dagaa wanafuata taa, na mwezi ukiwaka taa haina nguvu. Ukikuta limefungwa usisikitike, uwaeleze watoto kwa nini. Wangu wanajua kwamba samaki nao wana likizo yao. Ukipata nafasi ya Desemba, hilo la taa ndilo ningelitanguliza, japo mvua itawalowanisha.

Chakula hakitakusumbua. Mgebuka wa kukaanga, ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese. Kama watoto hawajawahi kula mawese, anza na kidogo, matumbo mengine yanashangaa siku ya kwanza. Mapapai na mananasi yapo sokoni Mwanga. Vyandarua msisahau, mbu wa ziwani hawana mchezo.

La mwisho ni boti, kwa sababu watoto wataililia na wewe utashawishika. Si vibaya. Kodi kwa muda mfupi, asubuhi, kufuata ufukwe tu, ziwa likiwa shwari. Kabla hujakubaliana bei, mwambie mwenye boti akuonyeshe jaketi okozi za watoto. Za watu wazima hazifai, mtoto anachoropoka kwa chini. Mvalishe huyo mdogo pale pale nchi kavu, mfunge mikanda, kisha mnyanyue kwa kushika jaketi mabegani. Likipanda likamfika masikioni, halimfai. Mwaka juzi niliwageuza wanangu watatu kutoka kwenye boti iliyokuwa imeshawashwa injini kwa sababu hiyo, tukaenda kula mahindi ya kuchoma, na nahodha mwenyewe kesho yake akaja na jaketi tatu ndogo alizoazima kwa ndugu yake wa Kibirizi.

Ukipata tarehe kamili andika hapa hapa. Kama nitakuwa nyumbani, wanao watakuja kucheza na wangu kwa bibi.