Mwenyekiti wa mtaa hana Hansard

Mwenyekiti wetu wa mtaa alipofariki, familia iliniomba niandike wasifu wa kusomwa kabla ya kwenda makaburini. Niliumaliza kwa nusu saa. Kuzaliwa, shule, kazi ya reli, kuchaguliwa, mke, watoto, wajukuu, maradhi. Nikausoma chini ya miembe, hapa hapa Tabora, watu wakasikiliza kimya, nikakaa. Ungeweza kubadilisha jina tu ukamsomea marehemu mwingine yeyote.

Mwenyekiti mwenyewe nilimsikia usiku, kwenye matanga. Mama mmoja muuza maandazi alisimulia kijana wake alivyokamatwa, naye akaenda kumgongea mzee saa tano usiku. Mzee akatoka na msuli, koti juu, muhuri mfukoni. Akaandika barua ya mdhamini kwa mwanga wa tochi, kisha akafuatana naye mpaka kituoni. Hakupokea hata mia. Anayeishi kwenye mitaa yetu anajua uzito wa jambo hilo. Barua ya mwenyekiti ndiyo mlango wa dhamana, wa kitambulisho cha taifa cha NIDA, wa akaunti ya benki, na wapo wanaoutoza mlango huo bei.

Mjane mmoja akadakia. Siku ya tatu baada ya kumzika mumewe, wageni wakiwa wametawanyika, mzee alirudi na kalamu. Akamweleza kwamba kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, cheti kipatikane, ukoo ukae kikao na muhtasari uandikwe, halafu waende mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Shemeji zake walikuwa wameshaanza kuipigia nyumba hesabu. "Bila yeye leo ningekuwa napanga chumba," alisema, akajifunika khanga usoni. Wasifu wangu haukuwa na neno hata moja la hayo.

Spika wa zamani Samuel Sitta, mtu wa Urambo, alipofariki Novemba 2016, Bunge lilikuwa na kumbukumbu zake. Mjukuu wake akitaka kujua babu alisema nini siku fulani, atafungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Mwenyekiti wa mtaa hana Hansard. Kazi yake yote imo vichwani mwa watu aliowahudumia, na watu hao ni wazee, wanahama, wanafariki nao. Kwa hiyo ukiombwa kuandika wasifu wa mtu kama huyu, usianze kwa familia. Familia itakupa tarehe, na tarehe zinatakiwa, lakini mara nyingi hata watoto hawajui baba alikuwa akiitwa wapi usiku.

Waendee waliomgongea mlango. Wala usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, maana utajibiwa "alikuwa mtu wa watu" na mazungumzo yataishia hapo. Mimi siku hizi nauliza: mara ya mwisho ulimfuata kwa shida gani? Hapo mtu anakaa vizuri. Anakumbuka kama mvua ilikuwa inanyesha. Omba ruhusa, rekodi kwa simu, na utaje mwanzoni jina la msemaji na tarehe, kwa sababu baada ya mwaka sauti zote zinafanana.

Daftari zifuatilie mapema. Rejista ya wakazi ni mali ya ofisi, hiyo irudishwe pamoja na muhuri. Ila mzee alikuwa na daftari zake mwenyewe, kubwa, za jalada gumu, alimoandika ugomvi aliousuluhisha na michango ya misiba. Nilizijua. Nikajiambia nitazifuata mambo yakitulia. Nilipokwenda, mbili zilikuwa zimebaki, nyingine zimechanwa kufungia karanga. Simlaumu mtu, hakuna aliyewaambia ni kitu cha kutunza, na wa kuwaambia nilikuwa mimi. Bado inaniuma.

Na uandike pia alipokosea. Mzee alikuwa na hasira za haraka, na kuna mpaka wa kiwanja aliouamua vibaya, akakataa kusikia kwa miaka. Niliogopa kuuandika. Mwenye kiwanja ndiye aliyeniambia niandike, kwa kuwa mzee alikuja mwenyewe kumwomba radhi kabla hajaanza kuugua.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo, niliomba nafasi nikasoma upya, kurasa nne safari hii. Nilipofika kwenye habari ya mama mjamzito aliyekimbizwa hospitali kwa baiskeli usiku wa masika, fundi baiskeli mmoja mzee alinyoosha mkono.

"Hapana mwanangu. Haikuwa masika. Kilikuwa kiangazi, vumbi tupu, na aliyempakia ni mimi. Mwenyekiti alikuwa anakimbia nyuma, ameshika taa."

Nikatoa kalamu, nikarekebisha pale pale, watu wote wakisubiri.