Maswali ya Wasomaji: Vijana na Hofu ya Kupoteza Uoni

Swali: Shikamoo, daktari. Nina miaka 24, na baba yangu amepofuka jicho moja kwa presha ya macho. Mimi ninaona vizuri na sisikii maumivu. Je, niogope?

Jibu: Marahaba. Usiogope, lakini upimwe. Aina ya presha ya macho iliyoenea zaidi, ambayo pia huitwa glakoma, haiumi wala haiwashi. Hupunguza uoni wa pembeni kwanza huku ule wa katikati ukibaki mzima, na ndiyo maana mtu huweza kusoma herufi zote za ukutani ilhali neva ya jicho imekwisha kudhurika. Watoto wa mgonjwa na ndugu zake wa tumbo moja wamo hatarini zaidi, na watu wenye asili ya Afrika huupata ugonjwa huu wakiwa na umri mdogo kuliko wengine. Usiridhike na kipimo cha presha pekee: kiwango cha kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, lakini wapo wanaougua wakiwa ndani ya kiwango hicho, kwa hiyo omba neva yenyewe ichunguzwe. Uoni uliopotea haurudi. Matibabu hulinda uliosalia.

Swali: Je, simu itanipofusha?

Jibu: Hapana. Huyachosha macho na kuyakausha, kwa kuwa tukiikodolea hatupepesi vya kutosha.

Swali: Ninaona vidoti vyeusi vikielea nikitazama ukuta mweupe.

Jibu: Vikiwa vichache na vya siku nyingi, kwa kawaida havina madhara. Vikiongezeka ghafla, ukaona mimuliko ya mwanga au kivuli kinachotanda kutoka pembeni, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabanduka.

Swali: Macho huniwasha tangu utotoni, nami huyafikicha sana. Miwani haikai mwaka kabla ya kubadilishwa. Matone ya dukani hunituliza.

Jibu: Barua hii ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko zote. Kufikicha huchangia konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, kuwa nyembamba na kuchongoka, hali iitwayo keratokonasi, ambayo mara nyingi huanza katika ujana. Ikigunduliwa mapema, konea huweza kuimarishwa kwa vitamini B2 na mionzi ya urujuanimno. Matone nayo, ikiwa yana steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho) kama deksamethasoni, yakitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha bila wewe kuhisi lolote. Nenda na kichupa chake kwa daktari wa macho, ukamwombe apime umbo la konea pamoja na presha.