Kiwanja kando ya kijito: muhuri wa mtaa hausaidii

Unauliza kama unaweza kununua kiwanja kando ya kijito na kujenga? Hapana mkuu, hata kama mwenyekiti wa serikali ya mtaa amegonga muhuri kwenye mkataba wa mauziano. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Unapima kutoka ukingoni, si pale maji yalipojikunyata kiangazi. Hapo ndipo madalali wanapowapiga watu: wanakuonyesha kiwanja mwezi wa tisa, kijito kimebaki uzi.

Na usidhani sababu ya katazo ni mafuriko tu. Shimo la choo karibu na mto linavuja taratibu, mvua kubwa ikija linafurika, na kuna watu wanachota huko chini. Sehemu kubwa ya maji ya bomba Dar inatoka mto Ruvu, kwa hiyo kinachomwagwa kwenye vijito vya juu kinawahusu hata wakazi wa Sinza, katikati ya jiji.

Kijito kutokuwepo kwenye ramani ya dalali si kinga. Kabla hujalipa, uliza ofisi ya bonde la maji ya eneo lako (wanaosimamia mito na vyanzo vya maji), halafu idara ya mipango miji ya halmashauri.

Zanzibar wana sheria yao ya mazingira. Kenya nako vipimo ni tofauti, kwa kawaida mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto, kwa hiyo msichanganye.