Maswali yenu: Nani ameishika yuan?

Tangu niandike kuhusu bei ya dola, simu yangu haipumziki, na wengi mmeuliza habari za China na sarafu yake, yuan. Leo nimechukua maswali manne.

Naagiza viatu Guangzhou. Shilingi yetu inayumba, lakini yuan kwa dola naiona imetulia tu. Kuna mtu ameishika? – Mfanyabiashara, Kariakoo

Yupo, wala hajifichi. Kila siku ya kazi, saa 3 na robo asubuhi kwa saa za Beijing, wakati Kariakoo ni saa 10 na robo alfajiri na maduka bado yana makufuli, Benki Kuu ya China hutangaza bei elekezi ya yuan kwa dola. Kutwa nzima soko la ndani haliruhusiwi kupishana na bei hiyo kwa zaidi ya asilimia 2, juu wala chini. Na hapo wamelegeza! Kabla ya Julai 2005 dola ilikaa kwenye yuan 8.28 miaka nenda rudi.

Chukua kiatu chako cha yuan 70. Dola ikiwa yuan 7, unakilipia dola 10. Yuan ikipata nguvu, dola ikawa yuan 6, kiatu kilekile ni dola 11.67, na hapo hujagusa nauli ya meli wala ushuru. Ndiyo maana Marekani imelalamika miaka mingi kwamba China inaishusha sarafu yake makusudi ili iuze zaidi. Agosti 2019 ikaitangaza rasmi kuwa inachezea sarafu, kisha Januari 2020 ikafuta.

Mimi naona lalamiko hilo ni nusu ya ukweli. Kati ya katikati ya 2014 na mwanzoni mwa 2017, akiba ya China ya fedha za kigeni ilishuka kutoka karibu dola trilioni 4 hadi kama trilioni 3, na sababu kubwa ni kwamba benki hiyohiyo ilikuwa ikiuza dola ili yuan isiporomoke. Wanachokitaka hasa ni yuan isiyowashtukiza, na wewe muagizaji unafaidika humohumo.

Kwa uchumi mkubwa hivyo, mbona yuan haijaing'oa dola? – Mwanafunzi, Dodoma

Kwa sababu sarafu ya dunia lazima iingie na kutoka bila kuomba ruhusa. Raia wa China ana kikomo cha kununua fedha za kigeni: sawa na dola 50,000 kwa mwaka. Hata yuan yenyewe ina masoko mawili, la ndani na la nje lenye makao Hong Kong, na bei zake hazilingani sawasawa. Oktoba 2016 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) liliingiza yuan kwenye kapu lake la sarafu kubwa. Heshima wameipata, ila komeo la mlango bado wamelishika wao.

Deni letu kwa China la reli ya kisasa (SGR) limehamishwa kutoka dola kwenda yuan. Ni nafuu au tumejifunga? – Msomaji, Mombasa

Nafuu ipo. Hazina ya Kenya ilisema Oktoba 2025 kwamba hatua hiyo itaokoa kama dola milioni 215 kwa mwaka. Riba ya zamani ilifuata soko la dola, na Marekani ilipopandisha viwango kuanzia 2022, nanyi mkapandishiwa.

Lakini rudi kwenye kile kiatu. Kenya inanunua China vitu vingi kuliko inavyouza huko, kwa hiyo yuan za kulipia deni itabidi zinunuliwe. Yuan ikipanda, deni nalo linanenepa. Ningekuwa Hazina ningekubali, ila jicho lingekuwa kwenye bei ya yuan kila asubuhi.

Nasikia ushuru wa China sasa ni sifuri. Mbona wanunuzi wa parachichi hawafiki kwetu? – Mkulima, Njombe

Ni kweli, tangu Desemba 1, 2024 bidhaa za nchi maskini zaidi zenye uhusiano na Beijing, Tanzania ikiwemo, zinaingia bila ushuru. Kenya haikuwa kwenye kundi hilo. Ila ushuru ni geti la kwanza tu. La pili ni afya ya mimea: shamba na kituo cha kufungashia lazima viwe vimesajiliwa, tena tunda likikutwa na mdudu anayekatazwa, mzigo unakwama. Kabla ya kumsubiri mnunuzi, uliza kwa afisa kilimo wako kama shamba lako limo kwenye orodha.