Lehemu imeshuka kwenye vipimo, je niache vidonge vya statini?

SWALI: Habari za kazi mfamasia. Mimi ni mwanaume wa miaka 58, niko Tanga, nina sukari na presha. Miezi mitatu iliyopita nilipima lehemu (kolesteroli), LDL, ile lehemu mbaya, ikasoma 4.5, daktari akanianzishia simvastatin 40 mg. Dawa nyingine natumia amlodipine 10 mg ya presha na metformin ya sukari. Juzi nimerudia kupima LDL imekuja 2.7 na maabara wameandika normal, kwa hiyo naona nimepona. Ila mapaja yananiuma yote mawili, hasa nikipanda ngazi, na jirani kaniambia hizi dawa zinakula misuli na ini alafu ukishazoea huachi tena. Mke wangu anataka nihamie kwenye kitunguu saumu na ndimu, anasema hizi ni kemikali tu. Vidonge vyote nameza asubuhi kwa pamoja. Niache au niendelee?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kutaja dawa zako zote na miligramu zake, kwasababu jibu la swali lako liko humo humo kwenye hiyo orodha.

Kwa kifupi usiache statini, yaani kundi la dawa za kushusha lehemu ambalo simvastatin yako imo, ila hiyo simvastatin 40 uliyonayo naomba urudi nayo kwa daktari wiki hii hii mkaijadili, maana haikai vizuri na amlodipine.

Nianze na hiyo maana ndo kubwa. Simvastatin ikishaingia mwilini inavunjwa na kimeng'enya kinaitwa CYP3A4, kipo kwenye ini na kwenye utumbo. Amlodipine nayo inakizuia kile kimeng'enya kidogo, sio sana lakini inatosha, kwa hiyo simvastatin inabaki nyingi kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa, ni kama vile umeongezewa dozi bila mtu kukuambia. Ndo maana mamlaka ya dawa ya Marekani tangu 2011 ilishaweka kikomo kwamba mtu aliye kwenye amlodipine asizidishe simvastatin 20 mg kwa siku, wewe uko kwenye 40. Na simvastatin ikizidi kwenye damu inakolalamikia kwanza ni kwenye misuli mikubwa, mapaja, nyonga, mabega, tena pande zote mbili sawasawa, yaani vile vile ulivyoeleza.

Sisemi moja kwa moja kwamba ndo sababu. Kuna utafiti ulifanyika London ukatoka 2020, walichukua watu 60 ambao waliwahi kuacha statini kwa ajili ya maumivu, wakawapa kwa mwaka mzima chupa za mwezi mmoja mmoja, miezi minne statini, minne vidonge vya bandia visivyo na dawa ndani, na minne chupa tupu, imechanganywa, na wenyewe hawajui kidonge cha mwezi huu ni kipi. Ikaonekana asilimia 90 ya usumbufu waliousikia wakiwa kwenye statini waliusikia pia wakimeza vile vya bandia. Maumivu yalikuwa ya kweli kabisa, watu waliumia, ila dawa haikuwa mkosaji kwa wengi wao, na nusu yao walirudi kwenye statini baada ya kuonyeshwa matokeo yao wenyewe. Naieleza hii kwasababu mtu akishaambiwa na jirani kwamba dawa inakula misuli, mwili unaanza kusikiliza kila kiungo. Lakini kwako wewe sitaki kusema ni mawazo, hapana, una mchanganyiko ambao unajulikana kuleta shida kwahiyo lazima uangaliwe.

Ukifika kwa daktari omba kipimo cha CK, ni damu tu, kinaonyesha kama misuli inaumia. Muulize pia kuhusu kipimo cha tezi ya shingoni, TSH, maana tezi ikifanya kazi chini ya kiwango yenyewe inapandisha lehemu na yenyewe inaleta maumivu ya misuli, na watu wengi wanapewa statini bila hicho kipimo kufikiriwa. Alafu mwombe akubadilishie, mara nyingi wataenda kwenye atorvastatin 20 mg au rosuvastatin 10 mg, zote zinashusha LDL kwa zaidi ya asilimia 40 hivi, na ukiwa na amlodipine hazina lile tatizo la simvastatin. Anaweza kukupumzisha wiki mbili tatu kwanza aone maumivu yanakwenda wapi, ni utaratibu wa kawaida, ila apange yeye.

Kitu kimoja tu hakisubiri miadi. Mkojo ukibadilika rangi ukawa wa kahawia au mweusi kama soda ya kola, au miguu ikawa dhaifu hadi kuinuka kwenye kiti unashindwa, acha simvastatin hapo hapo uende hospitali siku hiyo hiyo. Ni nadra sana lakini misuli ikivunjika kwa wingi inaziba figo.

Sasa hili la kupona. Mzee wangu, LDL yako kushuka kutoka 4.5 mpaka 2.7 ni punguzo la asilimia 40, ambalo ndo hasa simvastatin 40 inatakiwa kulifanya, kwa hiyo hiyo 2.7 ni kazi ya dawa. Statini inazuia ini lisitengeneze lehemu nyingi, ini likiona imepungua linaongeza vipokezi vya kunasa LDL iliyopo kwenye damu. Ukiacha kumeza, ini linarudi kwenye tabia yake na ndani ya wiki chache namba inakuwa ile ile ya mwanzo. Kwahiyo jirani anaposema huachi tena sio kwamba inazoesha mwili, hakuna arosto hapa, presha yako nayo ikisoma vizuri ukiwa kwenye amlodipine huitupi amlodipine.

Na lile neno normal la maabara usiliamini sana, wameandika kwa ajili ya kila mtu anayepita pale, hawajui una sukari na presha. Kwa mtu mwenye vyote viwili miongozo mingi inataka LDL iwe chini ya 2.6, na mingine inataka chini kabisa ya 1.8. Kuna utafiti wa Uingereza na Ireland ulitoka 2004, watu 2,838 wenye sukari aina ya pili ambao moyo wao ulikuwa bado haujapata shida, tena LDL zao hazikuwa juu kama ilivyokuwa yako, nusu wakapewa atorvastatin 10 mg tu kila siku. Matukio makubwa ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 37, na utafiti ukasimamishwa karibu miaka miwili kabla ya muda kwasababu faida ilishaonekana wazi. Hicho ndo unachokimezea kidonge mzee wangu, kujikinga na kiharusi, sio karatasi ya maabara.

Ini: madhara makubwa ya ini kwa statini ni nadra sana. Kinachotakiwa ni kipimo cha ALT, kipimo cha damu cha kuangalia ini, kabla ya kuanza na kurudia ukibadilishiwa dozi au ukiona macho ya njano. Sukari inaweza kupanda kidogo, kidogo kweli, endelea na metformin na kupima kama kawaida.

Mama mwambie hivi, kitunguu saumu aendelee kuweka kwenye mboga, hakina ugomvi, ila kinashusha LDL kidogo mno hakiwezi kukaa nafasi ya dawa, na ndimu kwenye maji ya moto haiyeyushi mafuta kwenye mishipa. Kuhusu kemikali, statini ya kwanza kabisa aliitoa mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, miaka ya 1970 kwenye kuvu, ukungu kama ule unaoota kwenye vyakula, baada ya kupima kuvu zaidi ya 6,000. Anapoweza kukusaidia kweli ni kwenye tui, najua Tanga bila nazi hakuna mchuzi, lakini tui zito kila siku ni mafuta yanayopandisha LDL, apunguze siku na apunguze uzito wake, na maharage na kunde viongezeke.

Muda wa kumeza: simvastatin ni ya usiku, kwasababu ini linatengeneza lehemu zaidi usiku na dawa hii haikai mwilini muda mrefu. Ukihamia atorvastatin au rosuvastatin meza saa yoyote, hata hiyo asubuhi pamoja na nyingine, bora isiwe unasahau.

Na tafadhali sana, ukienda duka la dawa kwa ajili ya kikohozi au vidonda vya tumbo sema kwamba uko kwenye statini. Erythromycin, na clarithromycin ambayo mara nyingi imo kwenye ule mkusanyiko wa dawa za bakteria wa tumbo, hizo na simvastatin hazikutani kabisa, lazima simvastatin isimame mpaka umalize. Balungi na juisi yake pia achana nayo, machungwa ya kawaida kula tu.

Ukishabadilishiwa hesabu wiki sita hadi nane, pima LDL na ALT upya, alafu niandikie namba pamoja na hali ya mapaja, kama bado yanauma na dawa ni tofauti tutaanza kutafuta kwingine.