Maswali Yenu: Mawese, mise na nazi, mafuta matatu yanayochanganya watu

Swali: Shikamoo mhariri. Natengeneza sabuni za mche hapa Morogoro. Nilipewa vipimo vya mafuta ya mise, kilo 10 za mafuta kwa kilo moja na robo tatu za kostiki soda, sasa mise ikapanda bei nikaweka mawese kilo zile zile, si yote ni ya chikichi? Sabuni imetoka inamong'onyoka, ina unga mweupe juu na inababua mikono. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mama, na pole sana. Kwanza hiyo sabuni usimuuzie mtu wala usifulie, ina soda iliyobaki ambayo haikupata mafuta ya kuungana nayo.

Ni kweli yote ni ya chikichi, ila mawese yanakamuliwa kwenye ile nyama ya nje, mise ni ile punje ya ndani ukishapasua kokwa, na hayo mafuta mawili ni kama ndugu wa tumbo moja waliorithi sura tofauti kabisa. Mise inafanana zaidi na nazi kuliko na mawese. Mafuta yote yameundwa na asidi za mafuta, kila moja ni kama mnyororo, mwingine mfupi mwingine mrefu. Karibu nusu ya mise ni asidi inayoitwa lauriki, na nazi hivyo hivyo, wakati kwenye mawese hiyo lauriki ni kama haipo, yenyewe asilimia 44 hivi ni asidi ya palmitiki na 40 hivi ya oleiki. Lauriki ni fupi, hizo nyingine ndefu, kwa hiyo kwenye kilo moja ya mise zinaenea nyingi zaidi na kila moja inadai soda yake. Ndo maana kilo ya mise inataka soda kama gramu 175, nazi inafika 183, mawese 141 tu. Soda uliyoweka wewe ilikuwa ya kutosha mawese kilo 12 na zaidi!

Kuiokoa inawezekana. Vaa glavu, ikatekate vipande vidogo, weka kwenye sufuria ya chuma cha pua (zile za aluminiamu hapana kabisa, soda inazila na inatoa gesi inayoshika moto), ongeza maji kidogo na kilo 3 za mawese, moto mdogo, koroga taratibu mpaka ishikane iwe kitu kimoja, mimina kwenye fremu uache wiki kama 4. Na tafadhali mama pima kwa mizani, achana na kopo, maana lita ya mafuta haifiki kilo, ni gramu 900 na kidogo.

Kwa mbele nakushauri uchanganye. Mawese peke yake yanatoa mche mgumu unaodumu ila povu lake dogo, mise inatoa povu jingi hata kwenye maji ya chumvi lakini ikiwa peke yake inakausha ngozi. Kilo 7 za mawese na 3 za mise zinataka soda gramu 1,430 hivi, hapo mafuta kidogo yanabaki kulinda ngozi. Na soda ndo imwagwe kwenye maji, usimwage maji kwenye soda, itakurukia usoni.

Swali: Nilinunua mafuta ya nazi Tanga yakiwa maji kabisa, nimefika nayo Njombe yameganda meupe kama samli. Nimeuziwa feki?

Jibu: Hapana kaka, hivyo ndivyo yalivyo. Nazi inaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, Tanga mchana hilo ni nadra, Njombe ni kila siku. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu yatayeyuka na hayajaharibika. Ila kuganda siyo kipimo cha uhalisi, kwa sababu mise nayo inaganda kwenye nyuzi 26 mpaka 28, kwa hiyo mtu akichanganya mise iliyosafishwa humo ndani kwa macho huwezi kujua, hapo ni maabara. Mawese ndo utayatambua, yanajigawa: chini uji mzito wa rangi ya chungwa, juu mafuta mekundu yanayotiririka. Viwandani wanafanya hicho hicho kwa makusudi, wanapooza na kuchuja, ile sehemu ya maji ndo mafuta mengi ya kupikia ya madukani yanayotoka Malaysia na Indonesia.

Swali: Mtende na wenyewe si jamii hiyo hiyo ya mchikichi na mnazi? Kwa nini hatukamui tende?

Jibu: Jamii moja ndiyo, ila nyama ya tende ni sukari tupu. Kokwa yake ina mafuta kama asilimia 10, kidogo mno kwa kazi ya kukamua.

Swali: Mimi nimeolewa Kigoma. Mama mkwe anachemsha mawese mpaka wekundu unaisha ndo anakaangia samaki, anasema yanakuwa masafi. Ni sawa?

Jibu: Dada, ule wekundu ndo mali yenyewe. Ni karotini, miligramu 500 mpaka 700 kwa kilo, mwili unaigeuza vitamini A, na moto mkali wa namna hiyo unaiua yote. Mwombe kwa heshima ayapashe tu, au ya kwenye maharage na mboga myaweke bila kuyababua. Kuhusu moyo, mafuta yanayoganda yasizidi: mawese nusu yake ndo ya aina hiyo, mise zaidi ya asilimia 80, nazi karibu 90. Kwa chakula cha kila siku mimi ningechagua mawese mekundu, kijiko kimoja kimoja, na samaki wa kukaanga mwingi mkatumia alizeti.